Kiatu Kimoja, Kushoto, 41

Usiku huu umeme upo, kwa hiyo nafanya kazi.
Mvua ya Kadutu inateremsha udongo mwekundu hadi mlangoni,
nami naifundisha mashine ya duka kutafuta.

Haijui ngeli, maskini.
Kiatu na viatu kwake ni watu wawili wasiosalimiana,
na biatu, kama tunavyosema hapa Bukavu,
ni mgeni asiye na karatasi.
Nikaipa kisu: kata ki, kata vi, kata bi.
Ikakata mpaka ikapitiliza.
Mama mmoja wa Panzi aliomba kikombe cha chai,
ikamletea kombe la mpira, dhahabu ya bandia, dola kumi na tano.
Nikarudisha kisu alani.

Jina la bidhaa nimelipa uzito wa nane,
rangi, tatu. Maelezo, mawili.
Bwana Murhula, mwenye duka, anataka pasi za umeme zipande juu,
zimekaa ghalani tangu Pasaka.
Namwambia: anayeandika pasi katika mji huu
anataka ya makala.
Anasema: na anayekulipa anataka nini?
Basi zimepanda. Mstari wa kwanza, zinang'aa,
hakuna anayezigusa.

Saa tano huwa nasoma orodha ya waliokosa,
waliouliza wakarudi mikono mitupu:
"sombe ya kutwangwa",
"kitu ya kufukuza panya lakini isiue paka",
"mwalimu wa hesabu",
"mutungi", na u yake ya hapa, ambayo nimeikaribisha ndani.

Lakini huyu hakukosa. Huyu alipewa vitu mia mbili na kumi na viwili.
"kiatu kimoja cha kushoto 41".
Jumatatu. Jumanne, mara tatu. Jumatano akabadilisha:
"kiatu kimoja tu".
"kimoja".
Na mashine, kwa furaha, jozi baada ya jozi baada ya jozi.

Nilijua kosa ni la nani.
Mwezi wa tatu niliandika orodha ya maneno ya kupuuzwa,
maneno madogo, makapi, nilidhani, ya kupeperushwa na ungo:
ya, wa, cha, na, kwa, tu, bila, moja, kimoja.
Kwa mkono wangu. Nikinywa chai.
Bila! Watu walikuwa wakiomba sabuni bila harufu
nami nawamwagia waridi na limau.

Nikafuta bila. Nikafuta tu. Nikafuta kimoja.
Nikaandika mwenyewe, kama yeye, herufi kwa herufi.
Safari hii mashine ikasikia.
Ikajibu: hakuna.

Jibu la kweli. Sikulala nalo vizuri.

Asubuhi nikashuka Nyawera, ghalani, kwa Nsimire.
"Vya peke yake? Viko kartoni nzima.
Wenzao waliibwa dirishani, wengine panya.
Bwana Murhula alisema nivitupe, nikasahau kutupa."
Tukakaa chini, tukavipanga sakafuni kama meno yaliyong'oka.
Cha mtoto, kulia, ishirini na sita. Ndala ya bluu, kamba imekatika.
Cha ngozi, kahawia, kushoto, arobaini na moja:
uzi umelegea kidogo kisiginoni, na hilo nikaliandika.
Bei? Nsimire akasema nusu.
Kisha akakigeuza, akakitazama soli,
akasema hapana, nusu ya nusu.

Kikauzwa Ijumaa, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
pesa kwa simu, kipelekwe Essence. Jina sikulifungua.

Usiku, saa mbili, mtu kaandika:
"soksi moja".
Na mashine, kwa furaha, jozi ishirini na nne.
Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka.
Moja, lisilo na ki mbele yake,
lilikuwa bado limo kwenye orodha.